Shajara ya mradi: daftari la wasomaji, Moshi

Januari, wiki ya pili

Kwa anayeanza kusoma leo: sisi ni waandishi wachache wa simulizi, dada mmoja anayeshika hesabu, na mimi mwenye stationeri jirani na Double Road, ambaye kazi yangu ni kupanga kurasa, kutoa nakala na kubembeleza kompyuta. Tunatafuta namna ya kuuza simulizi za Kiswahili itakayomruhusu mwandishi kuondoka siku yoyote bila kuwaacha wasomaji wake nyuma. Hatujengi programu ya simu wala mtandao wa kijamii. Mpaka sasa mradi wote ni jedwali moja la Excel, lipa namba moja ambayo bado haijasajiliwa na ubishi usiokwisha.

Soko letu linajulikana linavyokwenda. Sehemu ya kwanza inawekwa bure, ya pili bure, ya tatu inakatika pale mlango unapogongwa usiku wa manane, halafu: "Laiki 200 tuendelee." Msomaji anachoma bando, mtandao unauza matangazo, mwandishi anaambulia makopakopa. Hadithi ikishanoga ndipo anaandika: "Anayetaka yote aje inboksi, elfu mbili tu." Pesa ya mwandishi inaanzia hapo, nje ya jukwaa lililomletea msomaji.

Mwenzetu mmoja alifikisha wafuasi elfu kadhaa kwenye mtandao mmoja mkubwa. Asubuhi moja akakuta ukurasa umefungwa. Ujumbe ulisema amekiuka kanuni, haukusema ipi. Akakata rufaa kwa kubonyeza kitufe, akajibiwa palepale, kasi ambayo hakuna binadamu angeweza kusoma hata kichwa cha hadithi. Maandishi hayakumuuma sana, maana huandika kwanza kwenye daftari la shule ndipo anachapa kwenye simu. Kilichomuuma ni watu. Hakuwa na namba ya hata mmoja. Aliwajua kwa majina ya "Mama Junior" na "Mtoto wa Pasua", basi. Wapo mpaka leo wanaodhani amefariki.

Kwa hiyo kipimo tulichojiwekea ni hiki: mwandishi akiamka amefungiwa kila mahali, je, jioni ile ile anaweza kuwaambia wasomaji wake yuko wapi? Kama hawezi, tunachojenga hakijafika.

Januari, mwishoni

Tumepitia majukwaa yaliyopo. Nilidhani tutabishana juu ya asilimia, kwani ndizo watu hulalamikia. Amazon humpa mwandishi anayejichapishia asilimia 70 kitabu cha kielektroniki kikiuzwa kati ya dola 2.99 na 9.99, na asilimia 35 nje ya hapo. Chini ya dola 0.99 huruhusiwi kuuza. Dola 2.99 ni zaidi ya shilingi 7,000. Simulizi yetu ni shilingi 2,000. Bei ambayo msomaji wa Majengo anaiona ya haki iko chini ya sakafu ya duka, kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye mgawo tumeshatoka mlangoni.

Substack, jukwaa la kuuza maandishi kwa barua pepe, hukata asilimia 10 tu, lakini malipo yake yanapitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, na Stripe haifungui akaunti kwa biashara iliyoko Tanzania. YouTube, kwa haki, ndiyo yenye mgawo mzuri kuliko duka lolote la vitabu ninalolijua: asilimia 55 ya matangazo ya video ndefu humwendea mwenye chaneli. Ila kuingia kwenye mgawo huo unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kisha unasubiri zifike dola 100 ndipo ulipwe. Anayesoma simulizi kwa sauti nzuri anaweza kufika. Mwandishi wa maandishi matupu hana pa kuingilia.

Tulipomaliza hesabu, dada wa hesabu akafunga kalamu. "Kaka, asilimia kumi ya mtu anayeniachia daftari langu ni nafuu kuliko bure ya mtu anayelifungia kabatini."

Ndiyo tukaacha asilimia. Wakubwa wenyewe wanaonyesha kwa nini. Januari 2010 Macmillan, mmoja wa wachapishaji wakubwa wa vitabu, aligombana na Amazon juu ya bei za vitabu vya kielektroniki, na vitufe vya kununulia vitabu vyake vikaondolewa dukani kwa siku kadhaa. Mwaka 2014 ikawa zamu ya Hachette, miezi na miezi. Wachapishaji hao wana wanasheria, wana majina yanayouza duniani, na bado hawakuwa na njia ya kumpata msomaji bila kupitia kwa mwenye duka. Sisi wa "Sehemu ya 14" tunatazamia nini?

Februari

Mwezi wote umeliwa na WhatsApp, kwa sababu ndiko wasomaji waliko.

Ujumbe wa jumla kwanza. Orodha ya kutuma kwa wengi inabeba watu 256, na anaupata ujumbe yule tu aliyehifadhi namba yako. Grupu linabeba 1,024, lakini kila mmoja anaona namba ya kila mmoja. Mwandishi wetu wa hadithi za mapenzi amewahi kuendesha grupu la namna hiyo na anasimulia kwamba nusu ya kazi yake ilikuwa kuwatoa wanaume waliokuwa wakiwafuata wasomaji wa kike faragha, na nusu nyingine kuwatoa waliokuja kutangaza vikoba na dawa za nguvu.

Halafu kuna chaneli, zilizoanza 2023. Chaneli haina ukomo wa kutuumiza, ni safi, haina kelele. Vijana walishaipenda. Tatizo ni kwamba mwenye chaneli haoni namba za wafuasi wake. Ni ulinzi mzuri kwa msomaji, siubezi. Kwa mwandishi, hata hivyo, ni ukurasa ule ule uliofungwa, umevaa rangi ya kijani. Wafuasi 5,000 wa chaneli, mwenye mitambo akiamua, ni sifuri. Na mwenye mitambo ya WhatsApp tangu 2014 ni yule yule mwenye Facebook, kwa hiyo anayehama kutoka huku kwenda kule amehama chumba, nyumba ni moja.

Tulikubaliana hivi baada ya kelele: chaneli itumike kama kibao cha barabarani. Vipande vya bure viwekwe huko, na kila kipande kiishie na namba ya kulipia. Anayelipa anaingia kwenye daftari letu kwa jina analolitaka, namba, simulizi aliyonunua na mwandishi wake. Daftari linanakiliwa kila Jumamosi kwenye flashi mbili, moja kwangu, nyingine kwa dada. Mwandishi anapewa sehemu yake ya daftari kila mwisho wa mwezi, aombe asiombe.

Hilo la mwisho lilileta maneno. Mmoja wetu akauliza: ukishampa mwandishi daftari lake kila mwezi, atabaki kwa nini? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba akiwa anabaki kwa sababu tumeficha daftari, basi tumekuwa mtandao mkubwa wenye mtaji mdogo.

Februari, wiki ya mwisho

Lipa namba imesajiliwa. Majina ya walipaji yanaonekana kwenye meseji za muamala, hivyo kulinganisha na daftari ni kazi ya jioni moja kwa wiki. Hakuna zaidi la kusema hapa, isipokuwa kwamba mtu akituma 2,000 bila kusema anataka simulizi gani, huwa hapokei simu.

Machi

Wiki hii mkataba. Nimeuandika upya mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na msaada mkubwa umetoka kwa mzee mmoja wa Kibosho aliyekuja kutoa nakala za hati ya shamba.

Alitukuta tumejazana nyuma ya kaunta. Tukamwamkia, akaitikia, akasimama kusikiliza.

"Mnafungua chama?"

"Hapana mzee, ni kikundi cha waandishi tu. Tunauza hadithi pamoja."

"Ndiyo chama hicho. Basi ulizaneni mapema mtu akitaka kutoka anatokaje. Sisi wa kahawa tulianza na kuingia."

Akalipia nakala zake akaondoka. Mimi nikabaki na kahawa kichwani, maana historia hiyo iko hapa hapa mjini. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikazaliwa 1933. Lengo lilikuwa lile lile letu: mkulima mwenye magunia mawili hana sauti mbele ya mnunuzi, wakulima wengi wakiuza pamoja wanayo. Ilifanya kazi. Lakini sheria za kikoloni ziliwalazimisha wakulima kuuza kupitia chama hicho peke yake, na mwaka 1937 bei zilipokuwa mbaya, ghasia zilizuka, na walioghadhibika walikighadhibikia chama chao wenyewe. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, baadaye vikarudishwa, na miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini na fedha taslimu. Mkulima akawa anachagua: kwa mnunuzi binafsi pesa leo, kwa chama malipo ya awali leo na ya pili baada ya mnada.

Ninachokiona humo, na wenzangu hawakubaliani wote, ni kwamba chama chenu wenyewe kinaweza kuwakaba kama mgeni, mradi tu kiwe mlango pekee. Uzuri wa nia za waanzilishi hauzuii. Ndiyo maana nimetupa rasimu yenye kifungu cha "mwandishi atauza kupitia kikundi pekee", kifungu ambacho, niseme ukweli, kilikuwa kimependwa kuliko vyote.

Mkataba tuliosaini ni ukurasa mmoja. Haki zote za hadithi zinabaki kwa mwandishi: maandishi, sauti, filamu, tafsiri. Kikundi kinakata shilingi 400 kwa kila nakala ya 2,000, za karatasi, umeme na meseji. Mwandishi anaweza kuuza hadithi ile ile popote pengine wakati huo huo. Akitaka kutoka anatoa taarifa ya wiki mbili, anapewa mafaili yake na daftari la wasomaji wake, na sisi tunawatumia wasomaji hao ujumbe mmoja wa kusema amehamia wapi. Malipo ni kila Ijumaa. Hilo la Ijumaa ndilo lililoleta saini. Vifungu vingine watu waliviruka.

Aprili

Masika. Umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeamua. Tumetumia muda huo kwenye mafaili.

Tunatoa kila simulizi kwa namna mbili: PDF, kwa kuwa kila simu inaifungua, na EPUB, ambayo maandishi yake yanajipanga kulingana na kioo cha simu na haimilikiwi na kampuni yoyote, kanuni zake zinasimamiwa na W3C, chombo kile kile cha viwango vya wavuti. Hatuweki kufuli la kidijitali la kuzuia faili kunakiliwa. Mmoja wetu alitaka kufuli sana. Nikamkumbusha kisa cha Julai 2009: Amazon ilifuta kwa mbali, ndani ya vifaa vya Kindle vya watu waliokwisha kulipa, nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, Jeff Bezos akaomba radhi, lakini wote walijifunza kwamba aliyenunua hakushika kitu. Februari 2025 kampuni hiyo ikaondoa pia njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Kufuli humlinda mwenye duka. Mwandishi analindwa humo kwa bahati tu.

Na faili lisilo na kufuli lina faida ya hapa kwetu. Mtandao wa X, zamani Twitter, ulifungwa nchini Mei 2025. Oktoba mwaka ule ule, wakati wa uchaguzi, intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na hadithi kwenye kumbukumbu ya simu aliendelea kusoma. Duka la mtandaoni, hata lingekuwa letu wenyewe kwenye anwani ya .co.tz, lingekuwa ukuta. Kwa hiyo wanaosema "jengeni tovuti yenu muwe huru" nawaelewa, na tovuti tutakuwa nayo, ila tovuti nayo ina wenye funguo zake. Wenye kumbukumbu wanajua kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilivyokuja na ada: maombi shilingi 100,000, leseni milioni moja, na milioni nyingine kila mwaka. JamiiForums, iliyokuwepo tangu 2006, ililazimika kuzima kwa muda Juni mwaka huo. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, lakini somo la gharama ya kusimama peke yako halijabadilika.

Wizi upo. Mtu mmoja ananunua, kesho hadithi iko kwenye magrupu ya Arusha. Tunaandika jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo za heshima, na imepunguza kidogo. Aibu inafanya kazi ambayo kufuli haiwezi.

Wiki ya tatu ya mwezi tulikuta chaneli ya YouTube inasoma kwa sauti hadithi nzima ya mwandishi wetu wa mapenzi, jina lake limeondolewa, muziki wa huzuni umeongezwa. Alitaka kulia, kisha akasikiliza na kusema msomaji yule ana sauti nzuri. Haki ya mtunzi hapa nchini, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999, inazaliwa kazi inapoandikwa, haisubiri cheti. Lakini mahakama ya kumpata mtu asiyejulikana jina wala mji ni ipi? Tukajaza fomu ya YouTube yenyewe. Utaratibu wake una meno: mwenye chaneli akipata maonyo matatu ndani ya siku 90 anaweza kufungiwa kabisa, akipinga, mlalamikaji ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi, la sivyo video inarudi. Fomu inadai jina halisi, na jina hilo linaweza kumfikia mlalamikiwa. Mwenzetu anaandika kwa jina la kiume na kwao hawajui, kwa hiyo nilijaza mimi kama mwakilishi wake aliyeniruhusu kwa maandishi.

Video ikaondoka. Naandika hili wazi kwa sababu katika kikundi chetu kuna wanaoona majukwaa ni adui tu. Siku ile jukwaa lilimpa mwandishi wa Moshi nguvu ambayo hakuna ofisi ya hapa ingempa kwa haraka ile. Kisha, kwa ushauri wa mwandishi mwenyewe, tukamwandikia mwenye chaneli kumwuliza kama angesoma hadithi nyingine kwa makubaliano ya nusu kwa nusu. Bado hajajibu.

Mei

Daftari sasa ni kubwa kiasi cha kuwa na hatari zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haitofautishi sana kampuni ya simu na stationeri: ukikusanya majina na namba za watu una wajibu. Tumeandika maneno ambayo kila mnunuzi anatumiwa kabla namba yake haijaingia: tunahifadhi nini, kwa ajili gani, kwamba mwandishi wa hadithi aliyoinunua atapewa namba hiyo, na kwamba akiandika ONDOA tunafuta. Wachache wameandika ONDOA. Mmoja aliandika ONDOA, siku ya pili akanunua tena, akaandika ONDOA tena. Tunamheshimu.

Faili lina nywila sasa. Dada ameikataa nywila niliyopendekeza akisema hata mtoto wa jirani angeibashiri.

Mei, mwishoni

Karatasi. Wazee wa fani hii hawakusubiri mtandao. Ben Mtobwa alikuwa na kampuni yake mwenyewe, Heko, ikichapa riwaya za upelelezi zilizouzwa mpaka vibandani. Tumechapa nakala chache za simulizi mbili na kuzipeleka kwa muuza magazeti wa stendi kuu. Masharti yake: mali kauli, analipa zikiuzwa, anakata theluthi, zinazochakaa ni zetu. Asilimia 33 ni zaidi ya mara tatu ya ile ya Substack tuliyoipitia Januari. Lakini nilipomwuliza akina nani wananunua, alinitajia: makondakta wa Rombo, wanafunzi wa chuo cha ushirika, mama mmoja anayepanda basi la Same kila Jumatatu. Akakubali kubandika namba yetu kwenye jalada la nyuma. Mkataba mzima ulichukua muda wa kikombe cha chai.

Juni

Mwandishi wetu wa upelelezi anaondoka. Kampuni moja ya programu ya hadithi imemfuata na malipo ya mkupuo, na simlaumu hata chembe. Muhula wa Julai una ada zake. Rasimu ya kwanza waliyomletea ilidai kila kitu kwa miaka mitano: maandishi, sauti, filamu, hata wahusika, asiuze popote pengine.

Alikuja nayo stationeri, tukaisoma kaunta nzima. Kisha akawapigia simu akiwa amesimama pale kwenye mashine ya nakala. Aliwaambia kwamba wasomaji wake anao kwenye daftari, kwa namba, na kwamba atawapeleka kwenye programu yao au hatawapeleka, kulingana na karatasi. Upande wa pili kulikuwa na kimya, halafu wakasema watarudi. Walirudi baada ya siku chache: mwaka mmoja badala ya mitano, maandishi tu, sauti na filamu zimebaki kwake, na nakala za karatasi za stendi ziendelee. Mkupuo nao umepungua, tena si kidogo. Akasaini.

Wiki mbili za taarifa zinaisha Alhamisi. Dada amenung'unika, kwa kuwa hadithi zake ndizo zilizokuwa zikilipa umeme, lakini faili lake la wasomaji lilikuwa tayari siku ile ile. Limebaki suala ambalo mkataba haukulitaja: wasomaji walionunua hadithi zake pamoja na za wengine. Tumeamua wabaki kwenye madaftari yote, maana waliridhia kwa kila mwandishi waliyemnunua.

La kurekebisha kabla ya mwandishi mwingine kujiunga: nani analipia meseji za kuaga. Zake tunalipa sisi. Kuanzia Julai zitakatwa kwenye malipo ya Ijumaa ya mwisho, na nimeshaongeza mstari huo kwenye mkataba kwa kalamu, unasubiri saini.